Je, Wajua? Ushirika wa Pamba Ulifika Usukuma kwa Kupitia India

Msimu wa pamba ukifunguliwa mwezi Mei, mkulima wa Kishapu au Kahama hupeleka mzigo wake AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, anapewa stakabadhi. Chama ni cha wauzaji wenyewe, na kila mwanachama ana kura moja tu hata awe na hisa nyingi. Utaratibu huo una asili yake katika duka la vyakula. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wakiwemo wafumaji, walichangishana wakaanza kuuza unga, siagi na sukari. Masharti yao: bidhaa isiyochakachuliwa, kipimo kamili, na ziada igawanywe kwa kadiri mwanachama alivyonunua.

Je, wajua kwamba utaratibu huo haukuja kwetu moja kwa moja? Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya India ilitunga sheria ya vyama vya ushirika vya mikopo, ikaongeza kitu ambacho Rochdale hawakuwa nacho: Mrajis, ofisa wa serikali mwenye uwezo wa kusajili chama, kukikagua na hata kukifuta. Sheria ya Tanganyika ya 1932 ilifuata mfano huo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliutumia upesi. Kanda ya Ziwa ilisubiri miaka ishirini hivi.

Kilichoiamsha ni mzani. Mkulima alipalilia, akachuma kwa mkono, akatenga pamba safi na pamba fifi, kisha akafika kwa mnunuzi mwenye mzani wake, na ratili zikapungua mbele ya macho yake. Asiyeweza kusoma namba angebishana na nani? Vikundi vya wakulima vikaanza kuweka wapimaji wao, wakihakikisha uzito kabla mnunuzi hajalipa. Kwangu mimi, wapimaji hao ndio waasisi wa ushirika wa Usukuma kuliko sheria yoyote.

Paul Bomani, aliyesomea ushirika Loughborough, Uingereza, aliongoza kuviunganisha vyama vilivyotokana na vikundi hivyo, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions. Mwaka uliofuata lilikuwa na kiwanda chake cha kuchambua pamba Kasamwa, Geita. Kufikia 1960 pamba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inauzwa kupitia shirikisho hilo.

Lakini ule mkono wa serikali, uliorithiwa kutoka India, ulikuja na mzigo wake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchini kote, hata vile ambavyo wakulima walivijenga kwa jasho lao. Sheria ya 1982 ikavirudisha, ndipo SHIRECU, chama kikuu cha Shinyanga, ikazaliwa.

Mrajis bado yupo, akiongoza Tume ya Maendeleo ya Ushirika kutoka Dodoma. Mizani ya AMCOS nayo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo.