Maneno ya Mwili wa Binadamu Katika Kidato cha Tano na cha Sita: Mifano ya Mbeya na Iringa

Mwanafunzi anayeingia Kidato cha Tano kusoma Biolojia huwa bado ni mtoto wa shule, lakini elimu anayopewa juu ya mwili wa binadamu ni ya chuo. Jambo hili si geni duniani. Katika Marekani, bodi ya mitihani iitwayo College Board ilichukua mwaka 1955 mpango wa kuwawezesha wanafunzi hodari wa sekondari kusoma masomo ya kiwango cha chuo kabla ya kuingia chuoni, na mitihani yake ya kwanza ikafanywa mwaka 1956. Huko mpango huo ni wa hiari. Kwetu Tanzania ni ngazi kamili: kila atakaye kwenda Chuo Kikuu kwa njia ya kawaida hupita kwanza Kidato cha Tano na cha Sita. Ndiyo sababu shahada nyingi hapa huchukua miaka mitatu ilhali za Marekani huchukua minne, na vyuo vingi vya huko humhesabia mgeni aliyefaulu mtihani wa ngazi hiyo ya mtindo wa Kiingereza baadhi ya masomo ya mwaka wa kwanza.

Katika makala haya twataka kuangalia ngazi hiyo kwa upande wa lugha, tukichukua mifano ya Mbeya na Iringa katika Nyanda za Juu Kusini. Neno letu ni hili: ugumu mkubwa wa elimu ya mwili katika ngazi hii hautoki katika uchache wa maneno ya Kiswahili. Unatoka katika maneno tuliyo nayo tayari, ambayo mwanafunzi huja nayo kutoka nyumbani yakiwa na maana nyingine, na ambayo hakuna mwalimu anayempa nafasi ya kuyapima.

Ngazi Yenyewe

Mahali panapoonyesha vizuri jinsi shule na chuo vinavyokaribiana ni Mkwawa, Iringa. Shule iliyojengwa hapo mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa ya watoto wa Kizungu. Baada ya Uhuru ikawa shule ya sekondari ya juu na kupewa jina la mtemi wa Wahehe. Baadaye ikawa chuo cha ualimu. Na mwaka 2005 ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sasa hapo hufunzwa, pamoja na wengine, walimu watakaofundisha Biolojia katika Kidato cha Tano na cha Sita.

Shule kama Tosamaganga na Wasichana Iringa, na Loleza kule Mbeya, zina vidato hivyo. Mwanafunzi wa Biolojia huchagua mchepuo, mathalani wa Fizikia, Kemia na Biolojia, au wa Kemia, Biolojia na Jiografia. Kwa muda usiotimia miaka miwili kamili hufundishwa muundo wa seli, lishe, upumuaji, usafirishaji wa damu, kazi za neva na homoni, uzazi, urithi na mageuzi ya viumbe. Katika majaribio hupasua panya, akaona kwa macho yake kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na ini, na bandama, na mahali pake kila kimoja. Kitabu kitumiwacho sana, kile cha Taylor, Green na Stout, kiliandikwa kwa wanafunzi wa Uingereza, na ni kinene kushinda vitabu vyote alivyovisoma nyuma.

Mwanafunzi huyu amekwisha kubadili lugha. Nyumbani kwao huenda husemwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena. Katika shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule hizo. Kisha Kidato cha Kwanza kikamtia katika Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Jackson Makweta, mtu wa Njombe, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika Kidato cha Kwanza kuanzia Januari 1985; serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliruhusu Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini Kiingereza kimeendelea kutawala katika sekondari. Basi ilivyo ni kwamba mwanafunzi hujifunza mwili kwa Kiingereza na kuufikiria kwa Kiswahili. Tuangalie maneno matatu.

Mshipa

Neno la kwanza ni mshipa. Katika Kiswahili cha kila siku mshipa ni njia ya damu. Mshipa pia ni njia ya fahamu, na watu husema mishipa ya fahamu. Tena mshipa ni ugonjwa, yaani ngiri au busha. Msikilizaji huchagua maana kwa kufuata mazungumzo, wala hapotei. Lakini katika Kidato cha Tano maana hizo hazina budi kutengana. Njia ya damu ina uwazi ndani, na kitu kinapita humo. Neva haina uwazi wa namna hiyo: habari hupita juu ya utando wa seli kwa mabadiliko ya chaji za umeme, ayoni za sodiamu zikiingia na za potasiamu zikitoka. Mwanafunzi anayeziita zote mishipa katika mawazo yake aweza kuandika Kiingereza sahihi katika mtihani, na huku akiamini kwamba fahamu ni kitu kinachotiririka kama maji katika bomba.

Zaidi ya hayo liko jambo la damu safi na damu chafu. Katika shule ya msingi mtoto huambiwa kwamba ateri huchukua damu safi na vena huchukua damu chafu. Maneno hayo ni mepesi kushika, lakini ateri iendayo mapafuni huchukua damu yenye oksijeni kidogo, na vena zitokazo mapafuni huleta damu yenye oksijeni nyingi. Tofauti ya kweli ni ya mwendo: ateri hutoka moyoni, vena hurudi moyoni. Tena neno chafu lina hatari yake. Damu yenye kaboni dayoksaidi haina uchafu wowote. Lakini mtu aliyekwisha kuzoea neno hilo haoni ajabu akiambiwa kwamba yafaa damu chafu itolewe mwilini ili mgonjwa apone.

Tezi na Madini Joto

Neno la pili lawagusa watu wa Nyanda za Juu kuliko wengine wengi. Katika mazungumzo ya kawaida, mtu akisema fulani ana tezi, ana maana kwamba anaumwa: ana uvimbe. Mwanabiolojia husema kila mtu ana tezi, na asiye nazo hawezi kuishi. Iliyo mbele ya koo huitwa katika Kiswahili sanifu tezi dundumio, na ikivimba uvimbe wake huitwa rovu. Ugonjwa huu ulienea sana zamani katika milima ya kusini, Mbeya na Iringa zikiwamo.

Sababu yake ni somo zuri la Kidato cha Sita. Tezi dundumio hutengeneza homoni ya thairoksini, na kila molekuli ya homoni hiyo huhitaji atomi nne za iodini. Mvua nyingi za milimani, kama zile za Rungwe, huosha iodini kutoka katika udongo kwa karne nyingi. Mazao ya udongo huo hukosa iodini, na samaki wa baharini wako mbali. Thairoksini ikipungua katika damu, tezi pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa homoni nyingi zaidi ya kuiamsha tezi dundumio. Tezi hiyo hujitahidi, seli zake huongezeka, nayo hukua, lakini haiwezi kutengeneza kitu kisicho na malighafi. Kwa hiyo rovu ni dalili ya tezi inayofanya kazi kwa bidii bila kupata inachohitaji. Jambo baya zaidi halionekani shingoni: mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto tumboni hauwezi kukua sawasawa. Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo mno, mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima na 250 kwa mjamzito.

Katika miaka ya 1980 na 1990 watu wa sehemu zilizoathirika walipewa vidonge vya mafuta yenye iodini, na katika miaka hiyo ya 1990 sheria ikataka chumvi itiwe iodini. Hapo ndipo Kiswahili kilipopata jina ambalo sasa limechapwa katika pakiti za chumvi: madini joto. Jina hili lina sifa, maana thairoksini kweli huongeza kasi ya kazi za seli, na kwa hiyo joto la mwili. Mtu mwenye upungufu huona baridi. Lakini lina udhaifu pia. Halimwambii msikiaji kwamba kinachosemwa ni ile ile iodini anayoisoma katika Kemia, na laweza kumfanya mtu adhani kwamba ni kitu cha kuwafaa watu wa baridi tu. Mwanafunzi wa Mbeya ambaye ameandika kurasa mbili za Kiingereza juu ya thairoksini, naye hajaambiwa kwamba madini joto ya jikoni kwao ndiyo hayo hayo, amepata alama lakini hana la kumwambia mama yake: kwamba chumvi ifunikwe vizuri, kwa sababu iodini hupungua ikiachwa wazi penye unyevu.

Kinga

Neno la tatu ni kinga. Kukinga ni kuzuia kitu kisimfikie mtu. Na kinga ya mganga ni kitu avaacho au anachozika mtu ili asidhuriwe. Neno hili la zamani lilichukuliwa kutaja uwezo wa mwili kujilinda na magonjwa, na kutokana nalo likaundwa jina la UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Ni machache maneno ya kitaalamu yaliyoenea haraka hivyo hadi vijijini, na sababu yake ni kwamba jina lenyewe lajieleza. Katika Nyanda za Juu Kusini jina hilo halikuwa la vitabuni. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulionyesha kwamba katika watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 14.8 katika Njombe, ambayo mwaka 2012 ilitengwa rasmi na Iringa, asilimia 9.1 katika Iringa; na 9.0 katika Mbeya, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 5.1.

Hata hivyo kinga kama lijulikanavyo ni kitu kimoja, nacho chaweza kupanda au kushuka kama maji katika mtungi. Mwanafunzi wa ngazi ya juu yampasa kujua kwamba ni kazi ya seli za namna mbalimbali: nyingine humeza vijidudu, nyingine hutengeneza kingamwili, na nyingine huongoza hizo mbili. Virusi vya UKIMWI hushambulia hasa zile ziongozazo. Bila ya tofauti hii hawezi kueleza kwa nini mwenye virusi hufa kwa kifua kikuu, wala kwa nini kingamwili zionekanazo katika kipimo hazimponyi. Hapa neno la Kiswahili ni zuri. Linalohitajiwa ni kuligawa.

Juu ya Hoja ya Kimataifa

Wako wasemao kwamba maneno ya Biolojia ni ya ulimwengu mzima, na kwamba kuyatafuta ya Kiswahili ni kumchelewesha mwanafunzi. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa daktari na mtafiti watasoma kwa Kiingereza maisha yao yote. Lakini maneno hayo mengi si ya Kiingereza hasa. Jina la tezi dundumio katika Kiingereza latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ngao, na mtoto wa London huliona geni kama amwonavyo mgeni mtoto wa Tukuyu. Tofauti ni kwamba mtoto wa London hufafanuliwa jina hilo kwa lugha anayoifahamu.

Wala hatuanzi bila kitu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Vitabu hivyo vyataja jina kwa jina, kama ipasavyo kamusi. Kisichopatikana humo ni onyo: kwamba neno hili lina maana nyingine mtaani, na maana hiyo itampotosha msomaji kwa njia hii.

Yafaayo Kufanywa

Twaona mambo mawili yangeweza kufanywa bila kungoja sera mpya. La kwanza, wanaofunzwa ualimu wa Biolojia katika Mkwawa wangekusanya maneno ya mwili kama yasemwavyo katika Mbeya, Iringa na Njombe, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakiandika kwa kila neno maana ya watu na maana ya kitabu upande kwa upande. Mathalani Wanyakyusa huita moyo indumbula, nao kama Waswahili huutaja kuwa mahali pa hisia. Mwalimu ajuaye hivyo atajua pa kuanzia.

La pili, kila mada ikiisha, mwanafunzi aielezee kwa Kiswahili, kwa mdomo, mbele ya mtu asiyeisoma Biolojia, bila kutumia neno asiloweza kulifafanua. Zoezi hili halimwondolei Kiingereza chake, nalo humfunulia mwalimu kosa ambalo karatasi ya mtihani hulificha. Wengi wa wanafunzi hawa hawatakuwa madaktari. Watarudi Rungwe, Mufindi na Makete, na huko ndiko watakakoulizwa na ndugu zao kwa nini shingo ya mtoto imevimba.