Habari za Anthony Wilding, Bingwa wa Tenisi

Wasomaji wetu wengi wamepata kuuona mchezo wa tenisi: watu wawili husimama, wavu ukiwa katikati yao, wakapigiana mpira kwa raketi. Wengine hudhani kuwa ni mchezo wa raha tu, usiohitaji nguvu. Basi twapenda kueleza habari za mtu mmoja, ili ijulikane kuwa sivyo.

Anthony Wilding alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Christchurch, Nyuzilandi. Alipokuwa kijana alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko akazidi kujifunza tenisi.

Mashindano makubwa ya Uingereza hufanywa Wimbledon, katika London. Zamani zile desturi ilikuwa hivi: bingwa wa mwaka uliopita hakushindana na wote, bali alingoja, na yule aliyewashinda wenziwe wote ndiye aliyekuja kupambana naye. Mwaka 1910 bingwa aliyengoja alikuwa Arthur Gore. Wilding akamshinda, akatwaa ubingwa, akaushika kwa muda wa miaka minne.

Mwaka 1911 aliyekuja kumkabili alikuwa Roper Barrett, mchezaji mwenye hila nyingi. Sheria ni kwamba ashindaye seti tatu katika tano ndiye mshindi. Walipokwisha kupata mbili mbili, Barrett alikuwa ameishiwa na nguvu, akauacha mchezo. Wilding, aliyeuzoeza mwili wake kwa bidii, alikuwa tayari kuendelea. Hapo twaona kuwa ufundi wa mkono pasipo pumzi haufikishi mtu mwisho.

Mwaka 1914 Norman Brookes wa Australia alimnyang'anya ubingwa huo. Wilding hakumwekea kinyongo. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule walisimama upande mmoja huko Marekani, wakatwaa Kombe la Davis.

Lakini Vita Kuu ilikuwa imekwisha anza. Wilding akajiunga na majeshi ya Uingereza, akapata cheo cha kapteni. Tarehe 9 Mei 1915, karibu na Neuve-Chapelle katika Ufaransa, kombora liliangukia handaki alimokuwamo, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 31, wala hakupata tena nafasi ya kuurudisha ubingwa wake.

Walimu wafundishao vijana michezo na wayakumbuke mawili haya: kuuzoeza mwili kabla ya siku ya mashindano, na kumpa mkono aliyekushinda.