Ubongo wa Mwanafunzi na Mashine Inayojibu

Tangu Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipotolewa nchini Marekani, akili unde imeacha kuwa jambo la maabara tu. Mwanafunzi wa Dodoma mwenye simu na mtandao aweza kuiuliza swali la hesabu, au kuiagiza imwandikie insha kwa Kiswahili, akapata jibu kwa sekunde chache. Ikiwa mashine yajua kujibu, mwanafunzi ana haja gani ya kujisumbua kukumbuka? Swali hili halijibiki kwa kuichunguza mashine peke yake. Sharti uchunguzwe kwanza ubongo.

UBONGO HUJIFUNZAJE?

Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Seli hizo hupashana habari mahali zinapokutana, paitwapo sinapsi. Kujifunza ni kubadilika kwa sinapsi: njia itumiwayo mara kwa mara huimarika, na isiyotumiwa hufifia. Eric Kandel, aliyechunguza mabadiliko hayo katika konokono wa baharini, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000.

Lakini kabla habari haijatua katika kumbukumbu ya kudumu, hushikwa katika kumbukumbu ya kazi, ambayo ni finyu mno. Kwa makadirio ya wataalamu, hubeba mambo manne hivi kwa wakati mmoja. Ufinyu huo una uzito wa pekee katika uwanda wa kati. Mtoto wa Bahi au Chamwino asemaye Kigogo nyumbani hukuta shuleni masomo ya Kiswahili. Hata hivyo, lugha hizo mbili ni za Kibantu. “Munhu” wa Kigogo hayuko mbali na “mtu” wa Kiswahili. Mtoto wa Chemba asemaye Kisandawe, lugha isiyo ya Kibantu na yenye sauti za kidoko, hana daraja hilo. Wote wawili hutakiwa kushika herufi, sauti na maana ya neno geni kwa pamoja. Kumbukumbu ya kazi ikijaa, maana hupotea. Ndiyo sababu silabi hufaa kuzoewa mpaka zisomeke bila kufikiri, ili nafasi ibaki kwa ajili ya maana.

KUKUMBUKA NI KUJIFUNZA

Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio muhimu. Wanafunzi walisoma habari fupi. Kisha wengine wakairudia kuisoma, na wengine wakajaribu kuiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 42, na waliojitahidi kukumbuka asilimia 56.

Hatari ya akili unde imo hapo. Mashine impapo mwanafunzi jibu kabla hajalitafuta, humwondolea ile jitihada iimarishayo kumbukumbu. Insha huwa nzuri, lakini mwandishi wake hakujifunza. Tena mashine hiyo huweza kusema uongo kwa ufasaha, na asiye na maarifa kichwani hawezi kuutambua.

Wilaya ya Kongwa ina fundisho juu ya jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha huko kilimo kikubwa cha karanga, ikaleta matrekta kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Wakati wa kiangazi udongo ulikuwa mgumu kama tofali, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Matrekta yalikuwapo; kilichopungua ni elimu ya udongo.

YAFAAYO DARASANI

Mwalimu hahitaji kungoja umeme wala kompyuta. Mwanzoni mwa kipindi, wanafunzi wafunge vitabu na kuandika kwa dakika 5 yale wanayokumbuka ya jana na ya wiki iliyopita, kisha wajisahihishe. Somo moja lirudiwe kwa siku mbalimbali badala ya kumalizwa kwa siku moja. Neno geni lipewe maana kabla halijaandikwa ubaoni.

Penye mashine, na itumiwe kuuliza. Mwalimu aweza kuiagiza imtungie maswali ya ngazi mbalimbali, naye ayakague kabla ya kuyatumia. Mwanafunzi naye aijibu kwanza, ndipo ailinganishe kazi yake na maelezo yake. Jitihada ya kukumbuka ibaki kuwa ya mwanafunzi.