Ruta ya pili haihitaji bando la pili

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Tunduma na kuvuka mpaka hadi Nakonde, Zambia. Hata hivyo, dereva wa lori anayelala gesti akisubiri kuvuka bado hutoka koridoni usiku, simu mkononi, kutafuta waifai. Lawama zote huangukia kampuni ya simu, wakati mara nyingi mkorofi ni ukuta.

Tazama nyumba zetu, kuanzia Sogea hadi Mpemba: fremu za biashara mbele, vyumba katikati, banda la wapangaji uani. Ruta huwekwa fremu ya mbele. Hadi mawimbi yafike uani yamepita kuta tatu nne za matofali ya kuchoma, milango ya chuma na mabati. Yale ya GHz 5 hukata mapema. Ya GHz 2.4 hujikongoja kidogo zaidi.

Basi mwenye nyumba hununua ruta ya pili, kisha anaitilia laini nyingine na bando jingine kila mwezi. Hiyo ni hela ya bure. Ruta mbili zinaweza kula bando moja.

Tatizo ni namna ya kuziunganisha. Ukichomeka tu waya kati yake, huenda intaneti ikapotea nyumba nzima. Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani ileile, 192.168.1.1, na kila moja hugawa anwani kwa simu zinazoingia. Ni kama mtaa wenye wenyeviti wawili, kila mmoja anaandika barua zake za utambulisho.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuigeuza ruta ya pili na kusoma karatasi iliyobandikwa chini, penye anwani na neno la siri. Huiunganisha na kompyuta peke yake, akaibadilisha anwani iwe 192.168.1.2 baada ya kuhakikisha ruta kuu haiigawi namba hiyo kwa kifaa kingine, kisha akazima DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani. Ndipo huvuta waya kutoka tundu la LAN la ruta kuu hadi tundu la LAN la ruta ya pili, si lile la WAN. Ruta nyingine zina AP Mode, inayomaliza hayo yote kwa mpigo. Jina la waifai na neno la siri vikiwa vilevile, simu huhama yenyewe. Kwa GHz 2.4, moja ipewe chaneli 1, nyingine 6 au 11.

Kuziunganisha bila waya inawezekana, ila mimi siishabikii: redio ileile inapopokea na kutuma, kasi hushuka karibu nusu. Waya wa Cat5e hufika mita 100, na ni viwanja vichache mjini hapa vyenye urefu huo.

Kama ruta kuu inatumia laini, ichagulie mtandao wa Tanzania mwenyewe na uzime roaming. Huku mpakani inaweza kunasa mnara wa Zambia, na salio likayeyuka.

Waya unaopita nje kwenda uani upitishe kwenye bomba la plastiki. Mvua za Novemba hadi Aprili zikija na radi, uchomoe pande zote mbili, pamoja na umeme wa ruta zote.