Nani Anajibu Saa Tisa Usiku?

Mama mjamzito akifika kliniki hupimwa uzito na shinikizo la damu, hutolewa damu, huombwa mkojo, na tumbo lake hupimwa kuona kama mimba inakua inavyopaswa. Yote yanaandikwa kwenye kadi. Kinachoandikwa mara chache mno ni kama analala, na ikiwa halali, kinachomnyima usingizi ni mgongo au ni hofu. Ila keti naye kwenye benchi la kusubiri, utasikia. Mtoto hakucheza tumboni tangu asubuhi, na roho iko juu. Mimba iliyotangulia iliharibika mwezi wa nne, na sasa mwezi wa nne unakaribia. Jirani alikufa kwa kifafa cha mimba, basi kila kichwa kikimgonga mama huyu anamkumbuka jirani.

Kwa muda mrefu watafiti wa afya ya akili ya wazazi walishughulika zaidi na sonona, na wasiwasi ukachukuliwa kama kitu kinachofuatana nayo tu. Mwaka 2017 Cindy-Lee Dennis wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 102 kutoka nchi 34, zilizohusisha wanawake zaidi ya 220,000. Katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, asilimia 18 walikuwa na dalili za wasiwasi. Katika miezi mitatu ya mwisho walikaribia asilimia 25. Waliofikia kiwango cha ugonjwa kwa vigezo vya madaktari walikuwa kama asilimia 15 wakati wa ujauzito, na karibu asilimia 10 baada ya kujifungua. Katika benchi lenye wajawazito ishirini, hao ni watatu. Baadhi yao hawana sonona. Wanacheka, wanapika, wanakwenda kazini, na usiku wanatetemeka.

Hofu yenyewe si adui. Ubongo ukihisi hatari huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni ya kotisoli, moyo uende mbio, macho yawe makali. Mimba huongeza kiwango cha kotisoli hata kwa mama aliyetulia, kwa sababu kondo la nyuma nalo hutengeneza homoni inayochochea kotisoli. Jambo hili akina mama wangeambiwa mapema, kwani wengi huogopa kwamba hofu yao inamtia mtoto sumu: kondo hilohilo lina kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kabla haijamfikia mtoto. Kuwa na usiku mmoja mbaya, au kumi, si kumdhuru mtoto. Kinachohitaji tiba ni wasiwasi unaokaa wiki nyingi na kumnyima mama chakula, usingizi na raha ya kumsubiri mwanawe.

Baada ya kujifungua mambo hugeuka ghafla. Projesteroni, homoni ambayo mwilini huzaa kemikali inayotuliza ubongo, huporomoka ndani ya siku chache. Papo hapo usingizi unakatwa vipande vipande. Na hapo ndipo linapoingia jambo ambalo akina mama hulificha kuliko yote.

Mwaka 2008 Nichole Fairbrother na Sheila Woody wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwauliza akina mama wapya kuhusu mawazo yanayoingia kichwani bila kuitwa: mtoto kuanguka ngazini, kukosa pumzi usingizini, kuzama kwenye beseni. Wote, kila mmoja wao, walikuwa wameyapata mawazo ya mtoto kupatwa na ajali. Na karibu nusu walikiri lile zito zaidi: wazo la ghafla la kumdhuru mtoto kwa mikono yao wenyewe. Hawa walikuwa akina mama wa kawaida wanaowapenda watoto wao, na wazo hilo liliwatisha kwa sababu lilipingana kabisa na walichokitaka. Mama anayetishwa na wazo la namna hiyo hayuko karibu na kulitenda. Mara nyingi yuko mbali nalo kuliko watu wote nyumbani.

Lakini yeye atayajuaje hayo? Anaficha visu. Anakataa kumwogesha mtoto, akisingizia mgongo. Anaamka mara ishirini kuweka kiganja puani mwa mtoto kuona kama anapumua. Mama mkwe amekuja kumsaidia zile siku arobaini, anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga, mwema kabisa, lakini huyo hawezi kuambiwa. Akiambiwa, mama anahofia kusikia kwamba ana shetani, au kwamba mtoto achukuliwe alelewe na mwingine. Kwa mama aliyezalia Muscat au Minneapolis, mbali na mama yake, hata huyo wa kumkanda hayupo. Kwa siri ya aina hii, naamini, msaada wa mtandaoni una nafasi ambayo benchi la kliniki haliwezi kuijaza. Mtu anaweza kuandika saa tisa usiku asichoweza kukitamka saa tatu asubuhi mbele ya watu.

Tiba inayotolewa kwa njia hiyo si maneno matamu ya kubembeleza. Msingi wake ni tiba ya fikra na tabia, na kiini chake ni hiki: mtu akikwepa anachokiogopa hupata nafuu ya dakika chache, na ubongo hujifunza kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa, hivyo safari ijayo hofu huja kubwa zaidi. Kumkagua mtoto mara ishirini ni kuongeza kuni. Mama hufundishwa kupunguza ukaguzi kidogo kidogo, kulitazama wazo na kuliacha lipite bila kubishana nalo, kutenganisha tatizo la leo linaloweza kushughulikiwa na balaa la kesho lililo kichwani tu, na kutoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta ili moyo upunguze mbio.

Huko Australia, watafiti wa Hospitali ya St Vincent's na Chuo Kikuu cha New South Wales walitengeneza programu iitwayo MUMentum: masomo matatu ya intaneti kwa wiki nne, mama akisoma peke yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lenye wajawazito 87, waliopewa programu walipungukiwa na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Masomo matatu tu. Linatia moyo, ingawa jaribio lilikuwa dogo na walioshiriki ni wanawake wenye intaneti ya uhakika na mazoea ya kusoma skrini.

Ushahidi mzito zaidi unatoka mahali ambapo upande wa pili kuna mtu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la SUMMIT, lililofanyika Marekani na Kanada kwa wajawazito na wazazi wapya 1,230. Wengine walikutana na mtoa tiba ana kwa ana, wengine kwa video. Wengine walihudumiwa na wataalamu wa afya ya akili, wengine na wauguzi, wakunga na wasaidizi wa uzazi waliopewa mafunzo maalumu. Tiba kwa video haikupitwa na ya ana kwa ana, na wakunga hawakupitwa na wataalamu, kwa sonona na kwa wasiwasi pia. Kwa nchi zenye madaktari wa akili wachache kama zetu, sijui habari njema kuliko hiyo.

Mwaka mmoja kabla, kutoka Rawalpindi, Pakistan, Pamela Surkan, Atif Rahman na wenzao walionyesha kitu cha kufanana na hicho bila intaneti. Wajawazito wenye dalili za wasiwasi walipewa vikao vya tiba na watu wasio na uzoefu wa kutibu wagonjwa, waliofunzwa na kusimamiwa. Wiki sita baada ya kujifungua, asilimia 9 walikuwa na wasiwasi mkubwa au wa kati, dhidi ya asilimia 27 ya waliopata huduma ya kawaida. Sonona ilikuwa asilimia 12 dhidi ya 41. Walioshughulikiwa hofu yao mapema waliepushwa na huzuni iliyokuwa njiani.

Kwetu simu imekwisha kuingia kwenye uzazi muda mrefu. Zanzibar, kati ya 2009 na 2010, utafiti wa Wired Mothers ulihusisha vituo 24 na wajawazito 2,550. Mbali na meseji, akina mama walipewa vocha ili waweze kumpigia mhudumu wao moja kwa moja. Asilimia 44 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, dhidi ya 31 kwa wasiopata huduma hiyo. Tanzania Bara ilianzisha meseji za bure za Wazazi Nipendeni mwaka 2012, zilizofika hata kwenye simu ndogo ya kitochi. Kenya, huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health imekwenda mbele zaidi: mama anauliza kwa meseji bila malipo, programu ya akili bandia inapanga maswali kwa udharura, na yale ya hatari hushughulikiwa na wahudumu walio binadamu. Shirika hilo ndilo lililotoa UlizaLlama mwaka 2023, akili bandia iliyofunzwa Kiswahili. Palikuwapo pia Zuri, mfumo wa mazungumzo uliojaribiwa kwa akina mama wa hospitali za umma nje ya Nairobi, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Huo ulilenga sonona hasa, na ulionyesha kwamba akina mama wako tayari kuzungumza na mashine juu ya hali ya moyo.

Utayari wao usitupofushe. Huduma nyingi za meseji zilibuniwa kwa ajili ya mahudhurio, chanjo na dalili za hatari. Swali la "nalala lakini silali" halina pa kuangukia. Na kompyuta inaweza kujibu kwa Kiswahili fasaha jambo lisilo sahihi. Serikali au mfadhili akiletewa programu mpya, ningependa aulize kwanza ni muuguzi yupi yuko zamu nyuma yake, analipwa na fungu gani, na ana namba ya hospitali ipi. Maswali yenyewe ya kumtambua mama mwenye wasiwasi ni machache: tangu mwaka 2014 mwongozo wa Uingereza unashauri wahudumu wafikirie kuuliza mawili tu, kama wiki mbili zilizopita amekuwa na wasiwasi au wahaka, na kama ameshindwa kuuzuia. Hayo yanaenea kwenye meseji moja.

Kuna la simu yenyewe pia. Nyumba nyingi zina simu moja, na aliyeishika si mama. Katika utafiti wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili uliochapishwa mwaka 2013, kati ya wanawake 1,180, asilimia 27 walisema walipigwa au kulazimishwa kimapenzi na wenzi wao wakati wa ujauzito, na hao ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za wasiwasi. Kwa mama kama huyo, meseji ikiingia mkononi mwa mume inaweza kumletea kipigo. Huduma yenye busara humuuliza kwanza saa gani ni salama kumwandikia, humfundisha kufuta mazungumzo, na haiandiki neno la ugomvi wa nyumbani kwenye kioo cha simu.

Na kuna hali ambayo haisubiri jibu la mtandaoni. Kwa kila uzazi 1,000, mama mmoja au wawili hupatwa na kichaa cha uzazi, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Hakifanani na yale mawazo ya kutisha niliyoyataja. Mama haoni ajabu katika anayoyawaza. Halali na hahitaji usingizi, anasikia sauti, anaamini mtoto si wake au ametumwa jambo juu yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake na mtoto. Wengi wakitibiwa mapema hupona na kurudi kulea wana wao. Akishika mimba nyingine, awaeleze wahudumu yaliyompata tangu siku ya kwanza ya kliniki, maana uwezekano wa kurudiwa ni mkubwa, na ukijulikana mapema unaweza kuandaliwa.