Ukitulia damu inajaa: ujanja wa gemu la 1984

Kama unacheza Call of Duty kwenye simu, hii unaijua: umepigwa risasi, unajificha nyuma ya ukuta, unatulia, damu inajaa yenyewe. Iwe Mwanjelwa au Kihesa, wachezaji wanaifanya kila jioni. Ila ujanja huo ni wa zamani kuliko wengi wao.

Mwaka 1984 kampuni ya Kijapani T&E Soft ilitoa Hydlide, gemu lililobuniwa na Tokihiro Naito kwa ajili ya kompyuta za nyumbani kama PC-8801 ya NEC. Unakuwa Jim, mwenye upanga, unamtafuta binti mfalme. Hadithi yenyewe ya kawaida tu. Utamu uko kwenye programu.

Magemu mengi ya aina hii kabla yake yalikwenda kama bao: unacheza, unasubiri, mwenzako anacheza. Hydlide ni kama rede, mpira haukusubiri. Kila mzunguko, programu inasoma kitufe ulichobonyeza, inamsogeza Jim, inasogeza maadui, halafu inauliza: je, kuna wawili waliogusana? Kama wapo, inapunguza damu. Hakuna picha ya mkono unaorusha upanga. Unamvaa adui tu, ukiwa umechagua kushambulia au kujikinga. Na ukisimama porini bila kusogea, damu inapanda taratibu.

Sasa angalia ukubwa wa mashine yenyewe. Kumbukumbu kuu ya PC-8801 ilikuwa kilobaiti 64, yaani baiti 65,536. Picha moja ya WhatsApp mara nyingi inazidi hapo! Kwenye nafasi hiyo, kugusana ni kulinganisha namba chache, na kujaza damu ni kujumlisha moja. Mwaka 1987 gemu la Ys la kampuni ya Falcom likaja na mambo hayo hayo mawili, kuvaana na kupona kwa kutulia, na kwa maoni yangu likayafanya vizuri zaidi.

Huku kwetu hakuna kijana wa Iringa aliyekuwa analichezea chumbani. Tangu 1974 serikali ilikuwa imezuia kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na vituo vya televisheni Tanzania Bara vilianza 1994. Kwa hiyo wakati wenzao wa Japani wanafungua programu za magemu kuona zinavyofanya kazi, kizazi cha wazazi wetu hakikuwa na cha kufungua.

Wewe unacho. Laptop yoyote ya mtumba yenye Python inatosha. Andika mzunguko: kama mchezaji hajasogea, damu inaongezeka moja. Ukiendesha utashangaa, damu imejaa kabla hujapepesa jicho. Prosesa ya PC-8801 ilipiga mapigo milioni 4 kwa sekunde. Yako inapiga mabilioni, na mzunguko wako hauna breki. Usihesabu mizunguko, hesabu muda: ongeza moja kila nusu sekunde. Halafu weka adui mmoja, uone kama utathubutu kusimama.