Nyumba Njema si Mlango

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowapata watu wengi angalau mara moja maishani, nalo ni kuchagua nyumba na kuihamia. Wazee wetu walisema, “Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.” Maneno hayo tuliyajua tangu utoto, na darasani tumeyafundisha mara nyingi, lakini siku ilipotupasa kuyatumia, tuliyasahau. Basi tutawaeleza kwanza kosa letu, ili ninyi msilirudie.

Sisi ni walimu, na mwalimu hana mji: leo yuko hapa, kesho barua ya uhamisho imefika. Mwaka mmoja tulihamishwa kutoka milima ya Usambara, penye baridi na ukungu, tukapelekwa pwani, si mbali na Pangani. Tulikwenda kutafuta nyumba mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi. Tukaonyeshwa nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, nyeupe pe, na mlango wake mpya wa mbao za mninga. Tukaupenda ule mlango. Tukauliza kodi, tukalipa ya mwaka mzima siku ile ile. Mwezi wa Aprili, masika ilipoanza, chokaa ikabanduka, na chini yake tukaona mstari wa rangi ya udongo umezunguka kuta zote, kimo cha goti la mtu mzima. Ulikuwa ni alama ya maji ya miaka iliyopita. Siku chache baadaye maji yenyewe yakaja usiku, yakasimama pale pale penye mstari.

Asubuhi bibi mmoja jirani alikuja kutupa pole. Akasema, “Mwalimu, maji haya kila mtu wa hapa ayajua. Mbona hamkutuuliza?” Hatukuwa na jibu.

Wala msidhani ya kuwa mlango huwadanganya maskini tu. Huko Unguja kuna jumba kubwa liitwalo Beit-al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na milango yake ya nakshi yajulikana mbali. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo, sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka, na watu wawili wakafa. Uzuri wa mlango ni jambo moja, na uzima wa nyumba ni jambo jingine. Basi na tuone jinsi ya kuupima huo uzima.

Jambo la kwanza ni mahali. Kabla ya kuitazama nyumba, itazameni ardhi iliyoibeba. Je, iko juu ya mteremko au chini yake? Maji ya mvua yapita wapi? Tazameni mashina ya miti na kuta za majirani, kama zina alama za matope. Tena msiridhike kwa kuiona nyumba wakati wa kiangazi tu. Ikiwezekana, rudini siku ya mvua. Na lililo bora kuliko yote ni kumwuliza mtu aliyekaa mahali pale miaka mingi, ambaye hana faida katika biashara yenu.

Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafurika, watu wengi wakafa, na nyumba zikaharibika. Baadaye Serikali iliwapa baadhi ya watu wa mabondeni viwanja huko Mabwepande, pembeni kabisa mwa jiji. Ardhi ile ilikuwa salama na maji, lakini ilikuwa mbali na kazi na masoko waliyoyazoea, na wengine wakaona taabu kukaa huko. Hapo twapata mafunzo mawili: kwamba bonde ni adui wa nyumba, na kwamba umbali nao ni gharama.

Jambo la pili ni kuta. Nyumba ya miti na udongo si nyumba mbaya kwa sababu ni ya udongo. Ikikandikwa vizuri, ikawa na msingi ulioinuka na upenu mrefu wa kuzuia mvua isipige kuta, yaweza kudumu miaka mingi. Adui zake ni wawili, maji na mchwa. Chukueni kisu, mchome nguzo mahali inapoingia ardhini. Kikizama kwa urahisi, nguzo imeoza au imeliwa. Gongeni miti kwa kidole cha kati. Mti mzima hutoa sauti nzito, na mti ulioliwa hulia kama ngoma. Mkiona vijia vya udongo vimepanda ukutani, jueni ya kuwa mchwa wamekwisha kufika kabla yenu. Ndiyo maana watu wa pwani tangu zamani walizipenda boriti za mikoko, kwa kuwa ni ngumu na mchwa hawaziwezi upesi. Na kwa kuwa boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vya nyumba za kale za mawe, kama zile za Lamu na Unguja, ni virefu lakini vyembamba.

Ikiwa nyumba ni ya matofali ya kuchoma, okoteni matofali mawili yaliyobaki uani, myagonganishe. Yaliyoiva vema hulia kwa sauti kali. Yasiyoiva hutoa sauti ya kifu na kumeguka pembeni. Kisha kwangueni kwa ufunguo katikati ya tofali na tofali. Vumbi likimwagika kama unga, saruji ilikuwa kidogo na mchanga mwingi. Na ikiwa nyumba ni ya kale, ya mawe na chokaa, jihadharini ikiwa imepigwa lipu ya saruji juu yake. Chokaa huacha unyevu utoke, bali saruji huufungia ndani, na ukuta huoza taratibu huku uso wake wapendeza. Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba kama unywele juu ya lipu si kitu. Lakini ufa uendao mshazari kutoka pembe ya dirisha hadi chini, wenye upana wa kuingiza kidole, waonya ya kuwa msingi unazama. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Basi ulizeni, ni nani atakayeujenga, mwenye nyumba au ninyi?

Jambo la tatu ni paa. Ingieni ndani saa sita mchana, mfunge mlango na madirisha yote, mtazame juu. Kila nuru mnayoiona kama nyota ni tone la maji wakati wa masika. Makuti hupoza nyumba, lakini hayana budi kubadilishwa kila baada ya miaka michache, tena yaogopa moto. Mabati hudumu zaidi, lakini huleta joto, na karibu na bahari hushikwa na kutu mapema. Kila paa lina gharama yake. Ihesabuni kabla ya kupatana bei.

Jambo la nne ni afya. Chumba kisicho na dirisha ni maskani ya moshi na kifua. Sakafu ya udongo yenye nyufa huweza kuwaficha papasi, ambao hutoka usiku kumwuma alalaye, nao huleta ile homa iendayo na kurudi. Tazameni pia choo na kisima. Choo kiwe mbali na kisima, umbali wa mita 30 au zaidi, tena kiwe upande wa chini wa mteremko, ili uchafu usipenye ardhini ukaingia majini.

Jambo la tano, kwa yule anunuaye, ni haki ya ardhi. Nyumba nzuri juu ya ardhi ya mtu mwingine ni sawa na maji katika pakacha. Katika nchi ya Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na mwanakijiji aweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Kadhalika, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Basi mtu akija peke yake usiku kuwauzia nyumba kwa haraka, ulizeni, “Mwenzio yuko wapi, na viongozi wa kijiji wajua?” Waiteni majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka, andikeni mapatano mbele ya mashahidi, wala msitoe fedha kabla ya hayo.

Sasa twafika kwenye hesabu, na hapa wanafunzi wetu washike kalamu. Bei ni fedha mtakayotoa siku ya kwanza. Gharama ni fedha mtakayotoa kila siku mkaapo. Tuseme kuna nyumba mbili. Ya kwanza kodi yake ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na uani mna maji. Ya pili ni shilingi 35,000, lakini maji ni ya kununua. Jamaa yenu hutumia madumu 6 kila siku, na kila dumu ni shilingi 100. Hiyo ni shilingi 600 kwa siku, yaani shilingi 18,000 kwa siku 30. Mkijumlisha, nyumba ya pili ni shilingi 53,000. Kumbe nyumba rahisi ndiyo ghali! Fanyeni vivyo hivyo kwa nauli ya kwenda kazini, kwa kuni, na kwa njia ya watoto kwenda shule.

Mkiisha kuchagua, yabaki kuhama, na kuhama nako kuna elimu yake. Lipeni madeni yote mahali mnapotoka, mkawaage majirani, kwa maana mtu hajui siku atakayorudi. Chukueni barua za uhamisho wa watoto shuleni mapema. Vitanda na magodoro yaanikwe juani na kukaguliwa mishono na pembe zake, msije mkawahamisha kunguni bila nauli. Vyungu na vikombe vifungwe kwa majani makavu au nguo kuukuu, vipangwe juu ya vitu vizito, si chini yake. Mbegu zifungwe mahali pasipo unyevu.

Na hapa kuna neno moja tunalowasihi mlishike kuliko mengine. Kitu kinachopakiwa mwisho ndicho kinachoshuka kwanza. Basi pakieni mwisho vitu mtakavyovihitaji usiku wa kwanza: taa, kiberiti, sufuria moja, maji ya kunywa, na vyandarua. Sisi hatukufanya hivyo. Vyandarua vyetu vilikuwa chini kabisa, ndani ya sanduku la vitabu, nasi tuliona hakuna haraka. Tulivitoa baada ya juma zima. Mtoto wetu mdogo alizaliwa milimani, ambako malaria ni haba, na mwili wake haukuwa umezoea ugonjwa huo kama miili ya watoto wa pwani. Siku ya kumi na mbili alishikwa na homa kali, na usiku wake akaanza kutetemeka na kupoteza fahamu. Twamshukuru Mungu hospitali haikuwa mbali, akapona. Lakini usiku ule, tulipokuwa tumeketi kando ya kitanda chake, ule mlango wa mninga haukuwa na thamani yoyote machoni petu.

Kwa hiyo, mhamaji atokaye nchi ya baridi kwenda nchi ya joto na alale katika chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa ikimshika asingoje, bali aende kupimwa siku hiyo hiyo.

Mkiisha kufika, jitambulisheni kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, kisha mwende kuwaamkia majirani nyumba kwa nyumba. Msiione kuwa ni adabu tupu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu zenu mmewaacha nyuma, na moto ukiwaka au mtoto akiugua usiku, ni jirani atakayeamka. Yule bibi aliyetuuliza kwa nini hatukumwuliza ndiye aliyetuhifadhia vitabu vyetu nyumbani kwake masika yote, na ndiye aliyetutafutia nyumba nyingine, juu ya kilima. Ilikuwa ni nyumba ndogo, ya udongo, na mlango wake wa mbao kuukuu ulilia kila tulipoufungua. Tulikwenda kuitazama mvua ikinyesha, bibi yule akitutangulia na mwavuli wake, akatuonyesha kwa kidole mahali maji yanapopita. Yalipita mbali. Tukakaa humo miaka minne, mpaka barua nyingine ya uhamisho ilipotufikia.